Bomba la Tatu la Sindano

Jino la kwanza Inspekta alilikuta ngazini. La pili lilikuwa kwenye kizingiti cha ghorofa ya upasuaji, bado na kipande cha fizi, na kuanzia hapo damu iliburuzwa moja kwa moja hadi kwenye mlango wa mabawa mawili, kana kwamba mtu ameanza kupiga deki akaghairi.

Mbele ya mlango walijaa mabondia. Wote walivaa fulana za klabu moja, na wote waliletwa na habari moja: Kocha wao, aliyeingia asubuhi kubadilishiwa vali ya moyo huku akiwatania wauguzi, alikuwa ametolewa amefunikwa shuka hadi usoni.

"Wewe ndiye mkubwa wao?" aliuliza aliyesimama mbele. Huyu alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu, na klabu nzima ilimwita Nyundo. Mkononi alishika stendi ya chuma ya kutundikia dripu. Kwenye mguu wa stendi palikuwa na nywele zilizogandamana.

"Mimi ni Inspekta. Pole kwa msiba, kaka."

"Pole haimrudishi mtu. Namtaka yule wa mashine."

"Umeshampata. Meno yake nimeyakuta njiani."

"Nimepata mkono mmoja tu," alisema Nyundo. "Bado anao mwingine."

Inspekta alikuwa mwanamke mfupi, na ilimbidi ainue kidevu ili kumtazama vizuri. Aliinua. "Nipe nafasi nimhoji. Maiti hajibu maswali, kaka. Ukimmaliza, hutajua kamwe baba yako alikufaje."

Nyundo alitazama viganja vyake vilivyoloa. "Nakwenda kunawa. Baba alinifundisha nisipande ulingoni na mikono michafu. Nikirudi, usiwe kati yangu na huo mlango. Sitazami kama ni mwanamke wala kama ni serikali."

Sajenti alifungua upenyo, Inspekta akapenya, kisha kitanda cha wagonjwa kikasukumwa tena nyuma ya mlango. Pua ya Sajenti ilikuwa imevimba na kuhamia upande.

"Umepigwa?"

"Nilipishana na ngumi, afande. Mimi nilikwenda kulia, na yenyewe ikaamua kwenda kulia."

"Gari la pili?"

"Liko njiani. Hilo gari, tangu nilijue, liko njiani."

"Chumba cha upasuaji kimeguswa?"

"Hao jamaa walikipindua walipovamia. Mimi nilipofika nilikifunga, ufunguo huu hapa. Nilimkuta dada mmoja tu, kapiga magoti chini ya mashine anatafuta hereni. Mdomo umepasuka, damu inamtoka, yeye anatafuta hereni! Nikamtoa kwa upole."

Inspekta aliupokea ufunguo. Hakucheka.

Ndani ya ule mlango mlikuwa na vyumba vitatu: chumba cha upasuaji, maabara ndogo inayokihudumia, na stoo ya mashuka. Mtu wa mashine alikuwa stoo, ameketi juu ya marobota ya shuka za kijani. Wenzake walimwita Fundi Pampu. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa, na mkono wa kushoto ulikuwa umepinda pale ambapo mkono haupindi. Muuguzi wa nusukaputi, dada mwembamba mwenye mdomo uliopasuka, alikuwa akiufunga ule mkono kwenye kipande cha ubao.

"Unaweza kuongea?"

"Naweza. Herufi nyingine zitanipotea," alisema Fundi Pampu, na damu ikamtoka pembeni mwa mdomo.

"Nieleze kazi yako kana kwamba mimi sijui kitu. Na kweli sijui."

"Daktari akiusimamisha moyo, moyo ni mimi. Na mapafu. Damu inatoka kwa mgonjwa, inapita kwenye mashine yangu, naipa oksijeni, naipunguzia hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Kisha nairudisha mwilini."

"Unajuaje umepunguza kiasi gani?"

"Kuna kipima gesi kimebanwa kwenye mpira wa damu. Kinaonyesha namba kwenye kioo muda wote. Lakini hicho hukadiria tu, afande. Kila upasuaji lazima tukisawazishe na maabara. Nabonyeza kitufe, kioo kinashika namba ya wakati ule. Papo hapo navuta damu kwa bomba la sindano, inapelekwa maabara. Wakileta jibu, naliingiza, na kipima kinajirekebisha kifuate jibu lao."

"Wakipingana?"

"Kipima ni shahidi. Maabara ni hakimu. Ndivyo tulivyofundishwa."

Kishindo kilitikisa ukuta. Nje mtu alikuwa amepiga mlango teke, na sauti ya Sajenti ikasikika ikiomba utulivu kwa maneno ambayo hayamo kwenye mafunzo ya polisi.

"Na leo?" aliuliza Inspekta.

"Hewa ukaa, kioo kilisema arobaini. Maabara wakasema sabini."

"Ukafanyaje?"

"Nilishtuka. Sikuliingiza. Nikavuta damu nyingine kwa bomba jingine. Wakasema sabini na mbili. Ukiambiwa mara mbili kwamba nyumba yako inaungua, afande, utaendelea kukaa? Nikaingiza jibu lao. Nikafungulia upepo wa mashine niisafishe damu. Kioo kikashuka taratibu hadi arobaini. Kila mtu akaridhika."

"Na kama jibu la maabara lilikuwa la uongo?"

Fundi Pampu alifumba jicho lililobaki. "Basi kioo kiliposema arobaini, ukweli ulikuwa chini ya ishirini na tano. Hapo mishipa ya ubongo inajikunyata. Damu unaiona inapita, nyekundu, nzuri, hakuna wa kuitilia shaka. Kumbe kichwani haiingii. Daktari alipomaliza, moyo ulirudi. Ubongo haukurudi. Alipofunua macho ya mgonjwa, mboni zilikuwa wazi kama madirisha ya nyumba iliyohamwa. Baadaye moyo nao ukakata tamaa." Alimeza damu. "Nimemuua, afande. Kwa mikono yangu. Kijana wake ana haki ya kunivunja."

"Hana," alisema muuguzi kwa sauti ya chini.

Inspekta alimgeukia. "Mdomo wako umefanywaje?"

"Ngumi. Haikuwa yangu."

"Ilikuwa yangu," alisema Fundi Pampu. "Walinivuta mpaka ngazini wanirushe chini. Wote wanasema 'Muue!' Huyu dada akanilalia juu. Anapigwa, anapiga kelele, 'Siyo yeye! Siyo yeye!' Asingekuwepo, ungeokota zaidi ya meno."

"Yeyote angefanya hivyo," alisema muuguzi.

"Wengine walikimbia," alisema Inspekta. "Hayo mabomba ya kuvutia damu, mnayanunua?"

"Yaliyo tayari hatupati," alijibu Fundi Pampu. "Tunatengeneza wenyewe. Dada huvuta dawa ya kuzuia damu isigande, analowanisha bomba kwa ndani, anaimwaga, anafunika kwa kizibo. Kwenye shingo ya bomba hubaki matone."

"Mangapi kwa siku?"

"Matatu. Mawili ya kazi, moja la akiba. Siku zote."

Muuguzi alivuta bandeji. Fundi Pampu akapiga ukelele.

"Samahani, kaka," alisema muuguzi. "Nimekaza mno."

*

Mtu wa maabara alikuwa amejificha nyuma ya jokofu lake akiwa na kiti mkononi. Alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, na alipoona ni Inspekta alikishusha kiti kwa aibu.

"Nilidhani wamenijia mimi."

"Watakujia wakimaliza huko. Kosa liko kwa mwenye mashine au kwako."

"Kwangu! Mwanangu, mimi nimepima damu tangu hao mabondia wanatambaa!"

"Sampuli ya kwanza ilikaa muda gani mezani?"

"Haikukaa. Kijana wa usafi aliileta mbio. Ya pili niliifuata mwenyewe pale dirishani, kwa sababu Fundi alikuwa anapiga kelele ameona maajabu."

"Basi mashine yako mbovu."

"Mbovu?" Mzee alivua miwani akaifuta kwa hasira. "Katikati ya hizo sampuli mbili nilipima damu ya mtoto wa chumba cha wagonjwa mahututi. Ilitoka sawasawa. Mtoto ameshaomba maziwa. Mashine itakuwaje mbovu kwa Kocha, ipone kwa mtoto, iugue tena kwa Kocha?"

Inspekta alikubali kwa kichwa. Wabebaji walikuwa wawili tofauti, mashine ilikuwa nzima, na damu ile ile, ikiwa kwenye mpira, ilisema arobaini. Uongo haukuanzia njiani wala mwisho wa safari. Ulipandwa mwanzoni, ndani ya chombo kilichoibeba damu.

"Kulikuwa na chochote cha ajabu kwenye hayo mabomba?"

"Mapovu," alisema mzee. "Madogo madogo, kama ya soda. Nilidhani Fundi kavuta hewa kwa pupa. Niliyagonga yakatoka, nikapima."

"La pili pia?"

"La pili pia. Nikamlaumu tena kimoyomoyo."

"Yako wapi sasa?"

"Tanurini. Takataka za damu hazikai hapa."

Huko nje kioo kilipasuka. Kisha ikaja sauti ya Nyundo, safi kabisa, sauti ya mtu aliyekwisha nawa. "Afande! Nimerudi!"

Inspekta alikimbia hadi chumba cha upasuaji, akafungua. Taa kubwa bado ilikuwa inawaka juu ya meza tupu. Trei zilipinduliwa, mikasi na koleo zimesambaa, sakafu inanata. Mtu mmoja alikuwa ameacha nyayo za raba kwenye damu ya Kocha na mwingine alikuwa ameteleza hapo hapo, akaacha alama ya kiganja ukutani. Mashine ya moyo na mapafu ilisimama pembeni, mipira yake ikining'inia. Trei ya plastiki ya Fundi Pampu ilikuwa chini, tupu.

Alilala kifudifudi sakafuni. Gauni la kazi lililotupwa lilikuwa limefunika gurudumu la nyuma la mashine. Alilivuta. Bomba la tatu lilikuwa limenasa kati ya gurudumu na ukuta, kizibo chake bado kimekazwa. Alilinyanyua kwa leso, akaliinua kwenye taa. Shingoni mwake palikuwa na matone ya maji maangavu.

Alirudi maabara akiwa amekunja mkono wa shati.

"Mzee, nitoe damu."

"Nini?"

"Nusu itie kwenye bomba lako safi. Nusu itie kwenye hili. Pima zote mbili mbele yangu."

"Mtoto wa watu, huko nje wanavunja mlango!"

"Ndiyo maana nasema haraka."

Mzee alimchoma. Nusu ya kwanza ilitulia kwenye bomba safi. Nusu ya pili, ilipogusa yale matone, ilianza kutoa mapovu pembezoni. Mzee aliyatazama mdomo wazi, kisha akalisha mashine yake bomba moja, halafu la pili.

"Arobaini na sita," alisoma. "Ndiyo kawaida kwa damu ya mkononi." Akangoja. "Tisini na moja. Damu ya mtu mmoja, mkono mmoja!" Akalisogeza bomba chini ya taa. "Hii siyo dawa ya kuzuia damu isigande. Hii ni tindikali, imezimuliwa kwa maji. Ukiitia kwenye damu ni kama kukamulia ndimu kwenye magadi. Inatoa povu, na povu lenyewe ndiyo hewa ukaa."

"Tindikali inapatikana wapi hapa?"

"Vyooni, mwanangu. Tunasafishia vyoo."

*

Bawa moja la mlango lilikuwa limeng'oka bawaba. Kupitia pengo, mtungi wa kuzimia moto uliingia ukizunguka, ukampiga Sajenti begani, akaanguka juu ya kitanda. Aliamka, akakiegemea tena kwa bega zima.

"Afande, fanya utakalofanya!" alipiga kelele. "Mimi bega limebaki moja!"

Inspekta aliingia stoo. Muuguzi alikuwa amemaliza kufunga mkono wa Fundi Pampu na sasa alikuwa anamfuta uso kwa pamba.

"Dada, ulipoteza hereni gani?"

Pamba ilisimama.

"Chumba cha upasuaji hakiingiwi na hereni, wala pete, wala saa. Ulichokuwa unakitafuta chini ya mashine nimekiona mimi."

Muuguzi aliikunja pamba kiganjani.

"Na ngazini ulipiga kelele, 'Siyo yeye.' Hukusema 'Mwacheni,' hukusema 'Msiue.' Madaktari walidhani ni yeye. Mabondia walidhani ni yeye. Yeye mwenyewe mpaka sasa anadhani ni yeye. Wewe peke yako ulijua siyo. Ulijuaje?"

Fundi Pampu aligeuza jicho lake moja. "Afande, huyu ameniokoa."

"Ndiyo. Kwa hilo ndipo nilipomjua."

Muuguzi aliiweka pamba juu ya sinia, taratibu. "Nilidhani watasema ni mshtuko," alisema. "Moyo mbovu, mzee wa makamo, bahati mbaya. Sikujua wangempiga mtu. Sikumfikiria kabisa huyu kaka. Nilimfikiria Kocha tu."

"Alikukosea nini?"

"Mimi? Hanijui hata jina." Alifuta damu mdomoni kwa nyuma ya mkono. "Nina mdogo wangu alikuwa bondia wake. Aliangushwa mazoezini, akasema kichwa kinamuuma, anaona watu wawili wawili. Kocha akasema, bondia hana kichwa, ana ngumi. Akamrudisha ulingoni siku hiyo hiyo. Walimpiga mpaka akalala. Bado amelala. Kocha alituletea matunda hospitali, akasema ni ajali ya mchezo." Sauti haikupanda. "Nilitaka alale vile vile. Tu. Avute pumzi na asijue."

Fundi Pampu alikuwa analia bila sauti, na machozi yalipita katikati ya damu iliyokauka. "Ulitumia mkono wangu, dada."

"Ndiyo, kaka. Ndilo linaloniua."

Inspekta alitoa pingu, akamfunga mikono kwa mbele. Wakati huohuo kitanda kilikwaruza sakafu, bawa la mlango likaanguka, na ukumbi ukajaa miguu inayokimbia.

Alitoka stoo, akauvuta mlango nyuma yake, akasimama mbele yake. Sajenti alikuwa chini, goti la bondia mmoja kifuani. Nyundo alikuja katikati akiwa na ile stendi, na kiganja chake, alichokuwa amekinawa vizuri, sasa kilikuwa kimechanwa na kioo, kinavuja damu hadi kwenye kiwiko.

"Nilikuambia usiwe kati."

"Fundi Pampu hana kosa," alisema Inspekta. "Kipimo kilidanganywa. Kuna aliyetia tindikali kwenye mabomba ya damu. Ninaye, amekiri, amefungwa pingu."

"Basi nipe huyo."

"Sikupi."

"Amemuua baba yangu!"

"Nimekuzuia usimuue asiye na kosa. Huyu ana kosa, na nitakuzuia vile vile."

Stendi ilishuka kama shoka. Inspekta aliruka pembeni, chuma kikachana fremu ya mlango juu ya bega lake na vipande vya mbao vikamchoma shavuni. Alirudi mahali pake pale pale. Nyundo aliinua tena. Nyuma ya Inspekta mlango ulifunguka, akatoka Fundi Pampu, mkono wake kwenye ubao, akasimama kando yake akiyumba.

"Umeshanivunja," alimwambia Nyundo kupitia pengo la meno. "Imetosha kwa leo. Huyu asivunjwe."

"Nani huyo mnamficha?" Nyundo alinguruma. "Nani?"

Muuguzi alijibu mwenyewe kutoka ndani. "Dada yake Kijiti."

Bondia aliyekuwa amemkalia Sajenti aligeuza kichwa. Mwingine akasema "Kijiti?" kama mtu aliyeitwa kwa nyuma. Stendi ilibaki juu, imenyanyuliwa. Damu ya kiganja cha Nyundo iliteremka kwenye chuma.

Muuguzi alisogea mpaka mlangoni. Walitazamana juu ya bega la Inspekta.

"Anatembea?" aliuliza Nyundo.

"Hatembei."

"Anakula?"

"Kwa mpira wa puani. Mama anamlisha."

Nyundo alishusha stendi mpaka ikagusa sakafu, akailaza chini polepole, kama anayelaza mtoto aliyekwisha sinzia. "Nilimwambia baba, huyu amechoka," alisema, bila kumwambia yeyote. "Akaniambia, ongeza. Nikaongeza." Aliwageukia wenzake. "Mwacheni askari. Pisheni njia."

Mmoja alianza kubisha. Nyundo alimtazama tu, na huyo naye akasogea pembeni.

Waliteremka ngazi wakiwa kundi moja la ajabu: Sajenti akishika bega, mzee wa maabara amebeba bomba la tatu kwenye mfuko wa ushahidi kama yai, Fundi Pampu akiegemea ukuta, muuguzi katikati. Pale lilipokuwa jino, muuguzi aliinama kwa mikono yake iliyofungwa, akaliokota, akamkabidhi Fundi Pampu. Fundi Pampu alilipokea.

Getini lile gari la pili lilikuwa limefika. Inspekta alipofungua mlango wa nyuma, Nyundo alikuja akanyoosha mikono yote miwili mbele yake, mmoja ukitiririka damu.

"Mkono wa yule bwana niliuvunja mimi," alisema. "Na Kijiti pia. Andika yote mawili."

"Pingu tulikuja nazo jozi moja, afande," alinong'ona Sajenti.

Inspekta alitoa ile leso mfukoni, akamfunga Nyundo kiganja kilichochanika, akakaza fundo.

"Hahitaji," alisema. "Huyu ataingia mwenyewe."

Nyundo aliinama, akaingia, akakaa mkabala na muuguzi. Magoti yao yalikaribia kugusana. Sajenti akafunga mlango.